Kabla hujainyanyua pikapu: maneno kutoka karakana ya mafunzo, Kigoma

Mwezi wa kumi, mawingu yakishaanza kujikusanya juu ya ziwa, karakana yetu hupata wageni wa aina moja. Wanakuja na pikapu zilizokwisha kuona mengi, nyingi ni Hilux za miaka ya 1990 na Land Cruiser za milango miwili, na ombi lao ni lile lile: "Mwalimu, inyanyue." Anayesema hivyo kwa kawaida alilala porini msimu uliopita, upande wa Ilagala kuelekea Kalya, mzigo wa dagaa ukiwa juu na tumbo la gari limekaa kwenye tope. Simlaumu. Ila kunyanyua gari, yaani kuliinua bodi lake juu zaidi ya ekseli, ndiyo kazi ninayoifanya mwisho, na mara nyingi tukishamaliza zilizotangulia mwenye gari haitaki tena.

Msimu mmoja tuliletewa Hilux iliyokuwa imenyanyuliwa tayari. Mwenyewe, mzee anayefanya biashara ya mawese, alilalamika kwamba gari linavuta kulia na breki zake "zinafikiria kwanza". Mwanafunzi akaingia chini na tochi. Akakaa kimya muda, kisha akaita: "Mwalimu, njoo uone mbao." Kati ya springi ya nyuma na ekseli kulikuwa na kipande cha mninga, kimepigwa randa pande zote nne, kimetobolewa tundu la senta bolti (ile inayoshika majani ya springi katikati) kwa ustadi ambao seremala yeyote angejivunia. Cha upande wa kulia kilikuwa kizima. Cha kushoto kilikuwa kimepasuka kufuata mshipa wa mti, yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zimelegea, na ekseli imerudi nyuma kiasi cha upana wa kidole. Gari lilikuwa likitembea kiubavu kama kaa. Tulipomwonyesha, mzee alikishika kile kipande, akakinusa, akasema: "Mninga mzuri lakini." Kweli ulikuwa mzuri. Kazi yake ni kitanda.

Suala la breki nitalirudia, kwa sababu ndilo watu wengi hawalijui. Kwanza tuanze pale ninapoanzia na kila gari kuukuu.

Chukua nyundo ndogo, ingia chini, gonga chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya debe lenye mchanga. Gonga kwa bidii zaidi nyuma ya magurudumu ya nyuma na pale vishikio vya springi vinapofungwa. Huku kwetu hili si jambo la kupuuza: pikapu nyingi zimebeba chumvi ya Uvinza, na zilizobaki zimebeba dagaa na samaki wanaochuruzika maji usiku kucha. Maji ya chumvi huingia ndani ya chesisi na kuila kutoka ndani, huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Gari la namna hiyo ukiliwekea springi ngumu na matairi makubwa, unakuwa umeongeza nguvu ya kulivunja. Kama kuna ufa, usikubali kibandiko kilichochomelewa kukatisha chesisi kwa mstari ulionyooka. Mstari huo ndio ufa wa kesho. Bamba la kuimarisha hukatwa kwa umbo lenye ncha, kama kashata, ili nguvu isiishie yote mahali pamoja. Na betri ichomolewe kabla ya kuchomelea.

Baada ya hapo nauliza: magurudumu ya mbele yanavuta? Mwenye gari hujibu ndiyo, kwa sababu lilinunuliwa likiwa hivyo. Tunapima. Weka vigingi kwenye magurudumu ya nyuma, zima injini, zungusha vifungo vya kwenye habu (vitovu vya magurudumu) za mbele hadi LOCK, ingiza H4 (nafasi ya kuvuta magurudumu yote manne) na gia ya kwanza, halafu piga jeki gurudumu moja la mbele. Lijaribu kwa mkono. Linatakiwa likatae kuzunguka, isipokuwa kale kamchezo kadogo ka meno ya gia. Likizunguka kwa raha, ujue msimu mzima uliopita ulikuwa unaendesha gari la magurudumu mawili lenye nyenzo ya mapambo. Mara nyingi ubovu ni habu iliyokauka grisi kwa sababu haikuguswa miaka mingi. Kuifungua, kuisafisha na kuipaka grisi mpya ni kazi ya asubuhi moja. Nimeona watu waliokuja kutafuta winchi (mashine ya kulivuta gari kwa kamba) wakaondoka na hilo tu, na mvua zikapita.

Kuna pia ugonjwa wa injini moto. Tope na gia nzito maana yake ni mwendo mdogo na kazi kubwa, upepo haupiti kwenye rejeta. Safisha rejeta, nje na ndani. Na tafadhali, kama fundi wako alitoa thamostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, akisema "huku kwetu kuna joto haihitajiki", irudishwe. Injini ya dizeli inayokimbia ikiwa baridi huchakaa haraka na kula mafuta. Ikichemka ikiwa na thamostati nzima, tafuta kinachoichemsha.

Sasa matairi. Hapa ndipo ningeweka fedha ya kwanza, na hapa ndipo watu hukosea kwa kufuata ukubwa. Hilux nyingi za zamani zilikuja na tairi la 205R16, ambalo kimo chake ni kama sentimita 74. Ukiweka 7.50R16, la kimo cha kama sentimita 80, ekseli inapanda sentimita 3 tu, kwa sababu nusu ya nyongeza iko chini ya kitovu cha gurudumu na nusu iko juu. Hizo 3 si haba, maana ni njia pekee ya kuinua difu lenyewe, lile boksi la gia katikati ya ekseli, kutoka ardhini. Springi ndefu huinua bodi na chesisi, difu linabaki pale pale likilima matuta. Lakini zina bei yake. Mshale wa spidi ukisema 80, mwendo halisi ni kama 86. Kila gia imekuwa ndefu kidogo, kwa hiyo kwenye mlima wenye mzigo klachi ndiyo inayolipa. Hakikisha pia rimu inalikubali tairi hilo na kwamba haligusi bodi ukikata kona hadi mwisho, tena gari likiwa na mzigo.

Upana ni mjadala wa vijiwe vyote. Kwa tope letu la msimu, lililo laini juu na gumu chini, tairi jembamba hupita tope likafika ardhi ngumu. Tairi pana huelea, linajaa udongo, linageuka chapati. Kwenye mchanga, kama ule wa njia nyingi za Tabora, mambo hugeuka: unataka alama ndefu ya tairi ardhini, na alama hiyo hupatikana kwa kupunguza upepo. Tairi la upepo wa psi 35 likishushwa hadi 20 hurefuka na kulala, na gari lililokuwa likijichimbia kaburi linatoka lenyewe. Hakuna kifaa chochote dukani chenye faida hiyo kwa bei hiyo. Masharti ni mawili. Uwe na pampu ya kurudisha upepo kabla ya kukimbia, kwa sababu tairi laini kwenye lami huchemka na kupasuka. Na kama matairi yako yana mpira wa ndani, usishushe sana: tairi huteleza juu ya rimu, mpira unavutwa, nozeli inakatika. Rimu za pete, zile za vipande, asiziguse mtu asiyezijua. Pete ikiruka wakati wa kujaza upepo huua.

Baada ya yote hayo, kama bado unataka kunyanyua, nyanyua kidogo. Sentimita 4 au 5 zinatosha. Njia ya heshima ni springi mpya zilizotengenezwa kwa urefu huo, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Njia ya mkato ni kurefusha vile vipande viwili vya chuma vinavyoning'iniza mkia wa springi kwenye chesisi. Ukivirefusha sentimita 5 unapata karibu 2.5 tu, na mbele unakuwa umeigeuza pembe ya ekseli, ndipo usukani unapoanza kutangatanga barabarani. Kipande cha kuinulia kati ya springi na ekseli ya mbele nakikataa hata kikiwa cha chuma, kwa kuwa mbele ndiko kuliko na usukani na kazi kubwa ya breki. Yubolti mpya zikazwe upya baada ya siku chache za kubeba mzigo. Springi ikivunjika haichomelewi, hubadilishwa.

Turudi kwenye breki za yule mzee. Chini ya pikapu nyingi, Hilux zikiwemo, kuna fimbo nyembamba inayotoka kwenye ekseli ya nyuma hadi kwenye vali ndogo iliyofungwa kwenye chesisi. Watu huipita kama waya uliosahaulika. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, bodi iko juu mbali na ekseli, fimbo inashuka, vali inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasijifunge na kuserereka. Ukipakia tani moja, bodi inashuka, fimbo inapanda, vali inafungulia breki za nyuma nguvu zaidi. Sasa ukinyanyua bodi bila kuigusa fimbo hiyo, umeidanganya. Gari limebeba madumu ya mawese hadi juu, vali inaamini ni tupu, na breki za mbele zinafanya kazi ya zote nne ukiwa unateremka mlima. Ndiyo ile "kufikiria kwanza". Dawa ni kuinua kishikio cha fimbo kwenye ekseli kwa kiasi kile kile ulichonyanyua, kisha kupima. Fundi akikuambia aikate tu kwa sababu haina kazi, chukua ufunguo wako. Angalia vilevile mpira wa breki unaoshuka kwenye ekseli: gari likining'inia kwenye jeki, usiwe umenyooka kama kamba ya kanga.

Uzito ndio unaosahauliwa kuliko vyote. Bampa la chuma kilo 60, winchi 40, kerieri la juu 40, tairi la pili la akiba 35, tangi la ziada la lita 80 za dizeli kilo 67 za mafuta pekee. Hizo ni kilo 242 kabla hujaweka gunia hata moja, na pikapu yenyewe ilitengenezwa kubeba kama tani moja. Vitu vya juu ya paa ni vibaya zaidi: vinapandisha juu kitovu cha uzito cha gari ambalo tayari umelinyanyua, kisha barabara inainama kuelekea mtoni na kuna vijana wanane wamekaa juu ya mzigo. Hapo siongelei tena ufundi.

Winchi ya umeme ni nzuri kwa mwenye betri na alteneta za kuilisha. Ikivuta kwa nguvu zote humeza mamia ya ampea. Kwa wengi ningeshauri koleo, vibao viwili vya mti mgumu (mninga sasa unapata kazi), kamba ya kuvutia na ndoano mbili zilizofungwa kwa bolti kwenye chesisi yenyewe. Usivute kwa kile kitufe cha duara cha chuma cha kufungia tela. Kikikatika huruka kama risasi. Na usichomelee difu ili magurudumu yazunguke pamoja. Kwenye tope utafurahi, lakini siku hizi safari moja ina tope na lami. Ukitoka vijijini ukakuta lami ya Uvinza kuja Kidahwe, difu lililochomelewa linasukuma gari linyooke wakati wewe unakata kona.

Ukibadilisha injini au rangi, taarifa za kadi ya gari zirekebishwe TRA, na kampuni yako ya bima ijulishwe mabadiliko yoyote makubwa. Trafiki naye ana haki ya kulikataa gari bovu chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, hata kama bampa lake linapendeza.

Limebaki maji. Bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo, lile lililoyapa magari jina la mkonga, watu huliona kama ruhusa ya kuingia mtoni. Bomba hilo lina maana kama viungo vyote hadi kwenye injini vimezibwa sawasawa. Vingine vikiwa wazi, injini inavuta maji kupitia kwenye boksi la chujio huku mkonga ukiwa mkavu juu. Maji hayabanwi kama hewa: pistoni ikipanda ikayakuta, mkono wake hupinda, na injini imekwisha. Kwa nusu ya safari zako, kilicho muhimu zaidi ni kitundu kidogo cha kupumulia kilicho juu ya kila difu. Difu limechemka kwa safari, linaingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa, na kama kitundu kiko chini ya maji kinavuta maji. Unganisha mpira wa mafuta wa mita mbili au tatu, upandishe hadi ndani ya boneti, ufunge. Fedha yake ni ya soda chache.

Ingia mtoni kwa mwendo wa mtu anayetembea, baada ya mtu kutangulia kwa miguu na fimbo. Asipoweza kusimama yeye, gari nalo lisubiri. Kesho yake asubuhi, mafuta yakiwa yametulia, fungua nati ya juu ya difu na uchovye kidole. Oili ikiwa ya rangi yake, funga uende. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, imwage yote siku hiyo hiyo, kwa sababu beringi za difu hazitafika Kalya na kurudi.