Je, wajua kwa nini marufuku ya magazini za bunduki Marekani huanza kwa kuziongeza?

Tarehe 8 Aprili 2024, jaji wa kaunti ya Cowlitz, jimbo la Washington, alitamka kwamba sheria ya jimbo inayokataza kuuza magazini (visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye bunduki) zinazobeba zaidi ya risasi 10 inakiuka katiba. Duka lililokuwa kwenye kesi hiyo, Gator's Custom Guns la mji wa Kelso, lilianza kuuza palepale. Mwanasheria mkuu wa jimbo akakimbilia Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, na amri ya kusimamisha uamuzi ikatoka baada ya saa moja na nusu hivi. Kufikia hapo mamia ya magazini yalikuwa yameshauzwa.

Mtu aliye mbali akisoma habari kama hiyo huwa na maelezo tayari: hao ni watu wenye kiu ya vita, wanajiwekea akiba ya kupambana na serikali. Maelezo haya yameenea sana, na si kwamba hayana chembe ya ukweli. Marekani ina makundi ya wanamgambo na ina watu wanaosema hivyo hadharani. Lakini hayatoshi. Hayaelezi kwa nini foleni hutokea kabla ya tarehe fulani na kuyeyuka kesho yake. Hayaelezi kwa nini anayesimama kwenye foleni mara nyingi tayari ana magazini za kumtosha. Wala hayaelezi kwa nini wimbi lilelile huonekana Colorado, Vermont, Washington na California, majimbo ambayo kisiasa hayafanani na makao makuu ya wanamgambo.

Dhana nyingine ni ya upande wa pili: kwamba jimbo likishatangaza kizuizi, idadi ya vifaa hivyo huanza kupungua. Kwa muda wa miezi ya mwanzo, na pengine miaka, hali huwa kinyume kabisa. Ukitaka kujua sababu, usianzie kwenye roho za wanunuzi. Anzia kwenye namna sheria yenyewe ilivyoandikwa.

Kwanza kifaa chenyewe. Magazini ni kile kisanduku cha chuma au plastiki kinachochomekwa kwenye bunduki, risasi zikiwa zimepangwa juu ya springi inayozisukuma moja baada ya nyingine. Wabunge huilenga kwa sababu mshambuliaji akimaliza risasi lazima asite abadilishe, na kusita huko huokoa watu. Mjini Tucson, Januari 2011, aliyeua watu 6 akiwa na magazini ya risasi 33 alikamatwa na raia alipokuwa akijaribu kuweka nyingine. Wamiliki nao hujibu kwamba kikomo cha 10 kinakigusa kitu kilichokuja ndani ya boksi: AR-15 kwa kawaida huuzwa na magazini ya 30, na bastola ya Glock 17 huuzwa na ya 17. Kwao hiki si kiongezo cha ajabu.

Msomaji wa Tanzania au Kenya anapaswa kushika jambo moja hapa. Kwetu bunduki huanza na kibali: unaomba, unachunguzwa, unapewa leseni inayotaja silaha yako. Marekani huanza na haki, ile ya Marekebisho ya Pili ya Katiba yaliyoridhiwa mwaka 1791, na magazini katika majimbo mengi hununuliwa kama unavyonunua betri. Haisajiliwi, na kwa kawaida haina namba ya utambulisho.

Sasa utaratibu wenyewe. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara kuanzia 1 Juni 2019, hakuna mama wa nyumbani aliyejaza stoo mifuko. Kwa nini angejaza? Kuitumia kulikuwa kosa, na Kenya adhabu ilifika shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Kila mfuko uliobaki ulikuwa mzigo kwa mwenye nao. Lakini chukulia sheria ingesema hivi: kuanzia 1 Juni hakuna ruhusa ya kuuza mfuko wa plastiki, ila mfuko wowote uliokuwa nao kabla ya siku hiyo ni wako maisha yako yote, na unaweza kwenda nao sokoni mbele ya askari bila kubughudhiwa. Chukulia pia kwamba mfuko mmoja hudumu miaka 30. Mwezi Mei wa mwaka huo Kariakoo kungepitika? Angenunua anayeuhitaji, angenunua asiyeuhitaji lakini anahofia kuuhitaji, angenunua mwenye mtoto mdogo atakayekua, na angenunua mfanyabiashara anayejua kwamba bei itapanda. Gharama ya kununua ni ndogo na inajulikana. Gharama ya kungoja ni kukosa moja kwa moja.

Sheria nyingi za magazini zimeandikwa namna hiyo ya pili. Kifungu cha kuwaachia waliokuwa navyo huwekwa kwa sababu za msingi: kunyang'anya mali iliyonunuliwa kihalali kunazua kesi za fidia, na kura za kupitisha muswada hazipatikani bila kulegeza. Ila kifungu hichohicho ndicho kinachoandika tarehe ya mwisho ya mauzo kwenye vichwa vya watu.

Colorado ni mfano ulio wazi. Baada ya mauaji ya watu 12 katika ukumbi wa sinema mjini Aurora, Julai 2012, jimbo lilipitisha kikomo cha risasi 15 kuanzia 1 Julai 2013. Aliyekuwa na magazini kubwa kabla ya hapo aliruhusiwa kubaki nayo, mradi amekuwa nayo mfululizo. Kiwanda cha Magpul, ambacho wakati huo kilikuwa palepale Colorado, kiliwapa wakazi wa jimbo kipaumbele cha kununua kabla siku haijafika. Baadaye kilihamia Wyoming na Texas. Vermont mwaka 2018 mambo yakawa hivyohivyo: wakati muswada ukijadiliwa, waandamanaji mjini Montpelier waligawiwa bure magazini za risasi 30 zilizotolewa na kampuni hiyohiyo, zipatazo 1,200. Gavana Phil Scott alisaini sheria mwezi uliofuata.

Huko Colorado ndiko masherifu (wakuu wa polisi wa kaunti) zaidi ya 50 kati ya 62 waliochaguliwa walikwenda mahakamani kuipinga sheria ya 2013. Hoja yao moja inastahili kusikilizwa hata na asiyependa bunduki: magazini isiyo na tarehe wala namba, askari ataijuaje kwamba ilinunuliwa Juni au Agosti? Septemba 2013 wapiga kura waliwaondoa madarakani maseneta wawili wa jimbo walioiunga mkono, John Morse na Angela Giron. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Colorado kumwondoa mbunge wa jimbo kwa njia hiyo.

Wimbi hili huwa na mkia wa ajabu. Sheria ya shirikisho ya 13 Septemba 1994, iliyokataza nchi nzima bunduki za mtindo wa kijeshi na magazini za zaidi ya risasi 10 na kudumu miaka 10 kamili, iliruhusu silaha na magazini zilizotengenezwa kabla ya siku hiyo. Bei za bunduki zilizolengwa zilipaa wakati muswada ukijadiliwa, viwanda vikazalisha kwa kasi, na baada ya sheria kuanza bei zikashuka kwa sababu bidhaa zilikuwa zimefurika. Magazini za zamani ziliendelea kuingizwa kihalali kutoka nje kwa mamilioni. Kwa hiyo anayesema sheria ile ilifanikiwa au ilishindwa lazima kwanza akumbuke kwamba kwa upande wa magazini ilikuwa bado haijakausha hifadhi ilipokwisha muda wake.

Je, jimbo likikataza hata kumiliki? Hapo hesabu inapaswa kufanana na ile ya mifuko yetu, lakini haifanani. Mfuko unautumia barabarani. Magazini inakaa kwenye droo. New Jersey iliwapa wamiliki hadi Desemba 2018 kuzisalimisha, kuziuza au kuzibana zisizidi risasi 10, na zilizofika polisi zilikuwa chache mno. Tusikimbilie kusema wote walikaidi: kuzibana au kuzipeleka nje ya jimbo kulikuwa halali, na hakuna daftari linaloandika hayo.

California nayo ilikataza kuuza tangu mwaka 2000, kisha wapiga kura wakaongeza katazo la kumiliki mwaka 2016. Tarehe 29 Machi 2019 Jaji Roger Benitez wa mahakama ya shirikisho aliyafuta makatazo yote mawili. Akasimamisha uamuzi wake kuanzia saa 11 jioni ya 5 Aprili, lakini akawalinda walionunua kabla ya saa hiyo. Wamiliki waliipa wiki hiyo jina la Wiki ya Uhuru, na maduka ya mtandaoni yalisafirisha mzigo usiku na mchana. Watetezi wa bunduki husema zaidi ya milioni moja ziliingia. Ni makadirio ya upande mmoja, na yachukuliwe hivyo. Mwaka 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya mzunguko wa 9 (kanda ya magharibi) iliirudishia California ushindi kwa kura 7 dhidi ya 4.

Kukimbilia huku kuna gharama yake. Baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, mazungumzo ya vizuizi vipya yaliongeza mauzo ya bunduki kwa takriban milioni 3 ndani ya miezi mitano, na wachumi Phillip Levine na Robin McKnight walikadiria katika jarida la Science mwaka 2017 kwamba vifo vya ajali za bunduki viliongezeka kwa karibu 60, 20 kati yao watoto. Hayo ni makadirio ya kitakwimu, na yanahusu bunduki zenyewe. Hata hivyo yanatosha kumfanya mtunga sheria aitazame kwa makini ile nafasi kati ya tangazo na utekelezaji.

Baadhi wameitazama. Illinois iliandika sheria yake ianze saa ileile gavana J. B. Pritzker alipoweka saini, 10 Januari 2023, ili pasiwe na siku za kununua baada ya kusaini. Lakini muswada ulikuwa umesomwa hadharani tangu Desemba, na mnunuzi hangoji saini. Oktoba 2017, baada ya mauaji ya Las Vegas, vitako vinavyoifanya bunduki ifyatue mfululizo viliisha madukani ndani ya siku chache, kabla jimbo lolote halijapitisha hata mstari mmoja mpya wa kuvijibu.