Maumivu ya fizi yakikoma, bakteria huenda bado wamo ndani ya seli

Malalamiko tunayopokea sisi tunaotibu fizi yameongezeka, na mengi yanafanana: fizi zilivimba, mtu akanunua antibayotiki bila kupimwa, maumivu yakapoa, kisha wiki chache baadaye mswaki ukaanza tena kutoka na damu. Lawama zote humwangukia muuza dawa, kwamba kauza feki. Dawa huenda ilikuwa halisi kabisa. Kosa ni kudhani bakteria wa fizi hukaa juu juu tu wakingoja kuuawa.

Seli ya ufizi ikivamiwa ina kinga yake ya mwisho: kujiua. Hujikata vipande kwa mpango maalumu, hubanduka, na mvamizi huondoka nayo. Porphyromonas gingivalis, bakteria asiyependa oksijeni, anaijua mbinu hiyo na huizuia. Hujishikiza kwenye seli kwa vinyweleo vyake, huingia katika dakika chache na kujikusanya karibu na kiini. Akishatulia huchochea ishara zinazoiamuru seli iendelee kuishi, na huzima kaspasi, vimeng'enya vinavyotekeleza kifo chenyewe. Hutoa pia kimeng'enya kinachoivunja ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli) iliyovuja nje ya seli, ambayo ingekuwa ndiyo king'ora cha kuiambia seli ijiue. Ni mpangaji anayepinga nyumba isibomolewe kwa kuwa yeye ndiye anayelala humo. Humohumo ndani anaweza kuhamia seli ya jirani bila kukutana na kinga ya mwili.

Tahadhari: mengi ya haya yameonekana kwenye seli zilizooteshwa maabara, na si bakteria wote wa kinywani wenye tabia hiyo. Hata P. gingivalis, wakizidi sana, vimeng'enya vyao vya kukata protini vinaweza kuua seli. Bakteria mwingine wa fizi, Aggregatibacter actinomycetemcomitans, ana sumu inayoangamiza seli nyeupe za damu.

Sasa utaratibu. Kina cha nafasi kati ya jino na ufizi hupimwa kwa kijiti chembamba chenye alama za milimita, sehemu 6 kwa kila jino. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida; kuanzia 4, hasa damu ikitoka, tunahesabu kuwa ni mfuko. Namba zote huandikwa. Kisha ukoga, laini na mgumu, hukwanguliwa juu na chini ya ufizi, kwa ganzi ikibidi. Baada ya takriban miezi 3 vipimo hurudiwa sehemu zilezile. Asiyerudi hatuna namba ya kulinganisha, hivyo hatuwezi kumwambia kama amepona. Akija baada ya miaka 2, tunaanza upya. Antibayotiki huongezwa kwa wachache, tena kwa uamuzi wa daktari. Haichukui nafasi ya kukwangua, kwa sababu utando wa bakteria huwakinga waliomo, na baadhi ya dawa haziingii vizuri ndani ya seli.

Wapo wanaohofia kwamba kukwangua hulegeza meno. Hapana, hakulegezi. Jino linalocheza baada ya ukoga mgumu kuondolewa lilikuwa limeshapoteza mfupa. Ukoga ulikuwa ukificha hali hiyo tu. Mvuta sigara naye asijipongeze kwamba fizi zake hazitoki damu: sigara hubana mishipa midogo na kuficha dalili.

Sehemu inayotoka damu usiiruke unapopiga mswaki. Isafishe taratibu, na katikati ya meno pia. Damu ikiendelea wiki 2, kapimwe kabla ya kumeza chochote. Uvimbe wenye homa au shida ya kumeza hausubiri miadi: nenda siku hiyohiyo.