Kung'oa thamostati si dawa ya gari linalochemsha

Ujumbe ule umerudi kwenye magrupu: ukinunua Vitz au IST ya mtumba, ng'oa thamostati, kwetu kuna joto. Si kweli. Thamostati huziba njia ya maji ya kupoza injini mpaka injini ipate moto wake, kisha hufunguka yenyewe. Bila hiyo injini huchelewa kupata moto na mafuta huliwa zaidi.

Ipime: itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni. Yakifika nyuzi zilizochapwa juu yake, mara nyingi 80 na kitu, utaiona ikiachama taratibu. Isiyofunguka ni mbovu, weka mpya.

Mkanganyiko unaeleweka: iliyokwama bila kufunguka huchemsha gari kweli, na ikitolewa gari hupoa. Ila rejeta iliyoziba au feni isiyozunguka itabaki vilevile. Tafadhali, ujumbe huo usiusambaze.