Je, wajua kwa nini meza iliyodumu karne nzima hupasuka ikihamia nyumba mpya?

Meza imekaa katika nyumba moja kwa zaidi ya miaka 100. Imebebeshwa sufuria za moto, imeegemewa na vizazi vitatu, na uso wake hauna ufa hata mmoja. Kisha inauzwa. Inapigwa msasa, inapakwa vanishi mpya na kuingizwa katika sebule yenye kiyoyozi na madirisha ya vioo yanayofungika barabara. Miezi mitatu baadaye, usiku, unasikika mlio mkavu kama wa kijiti kinachovunjwa. Kukicha, ufa umeupasua uso wa meza kwa urefu. Upande mmoja ni mwembamba kama unywele, upande wa pili unameza sarafu.

Kwa nini ipasuke sasa, baada ya miaka yote hiyo?

Kwa muda mrefu nilikuwa na jibu tayari, na nililitoa kwa kila aliyeniuliza: ubao umezeeka, umekauka kupita kiasi, una kiu, kwa hiyo ulishwe mafuta. Nilipaka kabati la kale mafuta ya kitani mara nne mfululizo nikiamini ninalirudishia uhai. Liling'aa vizuri sana. Mlango wake ukapasuka vilevile.

Kosa langu lilikuwa na pande mbili, na linafaa kufumuliwa polepole kwa sababu karibu kila anayenunua samani za kale analo. Upande wa kwanza ni kudhani kwamba ubao hukauka mara moja, kama tofali linavyochomwa, na baada ya hapo umetulia milele. Kwa imani hiyo, ubao wa miaka 150 ungekuwa salama kuliko wote, maana umeshakauka zamani. Upande wa pili ni kudhani kwamba kinachokosekana ni mafuta.

Ukweli ni kwamba ubao haumalizi kukauka. Kila siku unabadilishana maji na hewa inayouzunguka mpaka viwili hivi vilingane. Katika chumba cha joto la kawaida chenye unyevu wa hewa wa asilimia 65, ubao utatulia ukiwa na maji yapatayo asilimia 12 ya uzito wake mkavu. Unyevu wa hewa ukishuka hadi asilimia 50, utatulia karibu na 9. Ukifika 30, ubao utashuka hadi kama 6. Ukirudisha unyevu, nao unarudi kunywa. Ubao uliokatwa juzi na ukakaushwa vizuri, na ubao wa zama za mababu, ukiviweka chumba kimoja vitaelekea karibu kiwango kilekile.

Nasema "karibu" kwa makusudi. Baadhi ya vipimo vya mbao za majengo ya kale vimeonyesha kwamba uzee hupunguza kidogo uwezo wa kunyonya unyevu, na vingine havikuona tofauti ya maana. Inategemea aina ya mti na maisha uliyopitia. Lakini hakuna umri ambao ubao ukiufikia huacha kucheza. Mchoro wa Mona Lisa ulichorwa juu ya ubao wa mti wa popla mwanzoni mwa karne ya 16. Ubao huo umejipinda, una ufa wa zamani upande wa juu, na hadi leo jumba la makumbusho la Louvre linauweka ndani ya kasha ambalo hewa yake inadhibitiwa. Zaidi ya miaka 500, na bado unahitaji kulindwa dhidi ya mabadiliko ya unyevu.

Na mafuta? Mafuta ya kitani huingia kwenye vitundu vya juu ya ubao, yakakutana na oksijeni na kuganda kuwa utando mgumu. Yanapendezesha rangi na kupunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, basi. Hayakai mahali maji yanapokaa, kwa hiyo hayawezi kuwa badala ya maji. Mafuta mengine yanayouzwa kwa ajili ya samani hayagandi kabisa, hubaki juu na kukamata vumbi. (Kama unatumia mafuta ya kitani, usikunje matambara yaliyolowa ukayarundika kwenye pipa. Yanapoganda hutoa joto, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe. Yatandaze nje yakauke moja moja.)

Sasa tuingie ndani ya ubao, kwa sababu hapo ndipo jambo linapokuwa la ajabu kweli.

Chukua fungu la mabua, yote yamelala upande mmoja, ulibane kwa mikono miwili. Ubao umejengwa hivyo: seli ndefu kama mirija, zimelala kufuata urefu wa shina. Ndani ya ukuta wa kila mrija kuna nyuzi nyembamba mno za selulosi, nazo nyingi zimelala karibu upande huohuo. Maji yanapoingia hujipenyeza katikati ya nyuzi hizo. Hayawezi kuzirefusha, ila huzisukuma ziachane. Kwa hiyo fungu linanenepa na wala halirefuki. Maji yakitoka, linakonda.

Ndiyo maana ubao haubadiliki sawa pande zote. Kutoka ubichi hadi ukavu kabisa, mbao nyingi hupungua urefu kwa asilimia 0.1 au 0.2 tu, kiasi ambacho fundi hana haja ya kukijali. Upana ni habari nyingine. Kutoka moyo wa shina kwenda kwenye gamba, upungufu huwa kama asilimia 4. Ukipima kwa kufuata mzunguko wa pete za ukuaji, huwa kama 8, na kwa miti mingine hupita 10. Tazama gogo lililokaa juani: nyufa zake zote zinaelekea kwenye moyo, kwa sababu mzunguko unataka kupungua kuliko kipenyo kinavyoruhusu.

Uso wa meza wa mwaloni wenye upana wa sentimita 100, mbao zake zikiwa zimepasuliwa kwa kufuata huo mzunguko, ukitolewa kwenye hewa ya asilimia 65 ukaletwa kwenye ya asilimia 30, unataka kupungua kama sentimita 2. Mkangazi ni mtulivu zaidi, lakini nao unaweza kudai zaidi ya sentimita 1.

Neno la kushika hapo ni "unataka". Kupungua peke yake hakupasui ubao. Ubao ulioachwa huru hukonda na kunenepa kila mwaka kwa karne nzima bila kudhurika. Unapasuka unapotaka kukonda na kitu kikaukataza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni shoka. Mpini umelegea, kichwa kinacheza. Unaliloweka kwenye ndoo usiku kucha, na asubuhi kichwa kimebana kama kilichopigiliwa. Wiki mbili baadaye kimelegea kuliko mwanzo. Nini kimetokea? Mpini ulipokunywa maji ulitaka kunenepa, lakini tundu la chuma halikupanuka. Nguvu hiyo ya kunenepa ikabidi iende mahali, nayo ikaishia kuzibonda seli za mti wenyewe. Zilipokauka hazikurudi kwenye unene wake wa kwanza. Zilianzia kwenye ule unene uliobondwa, kisha zikakonda kutoka hapo. Kila ukiloweka, unapoteza kidogo tena.

Rudi kwenye meza. Mtu ameshika uso wake kwenye fremu ya chini kwa skrubu zilizokazwa pande zote, pengine na gundi juu yake. Fremu hiyo sasa ni lile tundu la chuma. Msimu wa unyevu uso unanenepa, unakatazwa, seli zinabondwa kimyakimya na hakuna anayeona kitu. Msimu wa ukavu unataka kukonda, unakatazwa tena, safari hii kwa kuvutwa. Mbao nyingi zikivutwa kwa upana hustahimili mnyumbuko wa asilimia 1 hadi 2 tu, halafu nyuzi zinaachana. Linganisha na ile sentimita 2 kwa kila 100 na utaona jinsi hesabu inavyofika ukingoni. Ule mlio wa usiku ni mwisho wa mvutano uliokuwa ukijengeka kwa wiki kadhaa.

Nyumba mpya inaharakisha tu. Nyumba za zamani zilipitisha hewa kwa kila upenyo, na unyevu ulibadilika kwa mwendo wa misimu, ambao ubao mnene unauweza. Kiyoyozi hukausha hewa kwa siku chache: matone yanayodondoka kwenye bomba lake nje ya ukuta ni maji yaliyotolewa chumbani. Kwenye nchi za baridi kazi hiyo hufanywa na joto la ndani. Hewa ya nje yenye nyuzi joto 0 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 80, ikiingia na kupashwa hadi nyuzi joto 20, inabaki na unyevu wa asilimia 21 hivi.

Mafundi wa zamani hawakujua habari za selulosi, lakini walijua ubao unatembea, na hili ndilo linalonifanya niwaheshimu kila ninapofungua kazi yao. Geuza kabati la kale utazame mlango wake. Mara nyingi utakuta fremu nyembamba yenye mfereji kwa ndani, na bao pana limekaa katika mfereji huo bila gundi hata tone. Bao linanenepa na kukonda humo humo na fremu haijui. Katika ukavu, chungulia ukingoni mwa bao: utaona mstari mwembamba wa mti mweupe usiopakwa rangi. Ni sehemu iliyokuwa imejificha ndani ya mfereji siku fundi alipopaka, na sasa imejitokeza kwa sababu bao limekonda.

Mimi nilipouona mstari huo mara ya kwanza niliuita kasoro. Bao lilikuwa likicheza ukilisukuma kwa kidole, nami nikamimina gundi kwenye mfereji kote likashika imara. Huo ndio ule mlango uliopasuka. Kabati halikuwa na kiu, nilikuwa nimelifunga pumzi.

Mwendo huu wa ubao umewapa wauzaji njia moja nzuri ya kuchunguza umri. Chukua meza ya duara, pima kipenyo kwa kufuata nyuzi, kisha pima kwa kukata nyuzi. Meza iliyotoka kwa fundi ikiwa duara kamili huwa na kipenyo kifupi zaidi upande wa kukata nyuzi, kwa sababu urefu haukupungua na upana umepungua. Miguu iliyochongwa kwa kerezo huwa vivyo hivyo: izungushe kwenye vidole utahisi si mviringo kamili. Ila usihukumu kwa kipimo hicho peke yake. Meza mpya iliyotengenezwa kwa mbao mbichi itageuka yai ndani ya mwaka, na meza ya kale ambayo mbao zake zilipasuliwa kuelekea moyo wa mti inaweza kuwa imebadilika kidogo sana.

Anayekarabati ana kazi moja juu ya zote, kurudisha nafasi ya kutembea. Skrubu za kushika uso wa meza zipitishwe kwenye matundu marefu, yaliyopanuliwa kwa kukata nyuzi, ili ziteleze. Bao la mlango liachwe bila gundi. Viungo vinavyohitaji gundi vipewe ile ya asili ya ngozi, kwa sababu joto na unyevu huilegeza, na fundi wa baadaye ataweza kufungua bila kuvunja. Chini ya meza pakwe kama juu, la sivyo upande mmoja utakunywa haraka kuliko mwingine na ubao utajikunja kama jani.

Naye anayeuza anapaswa kumwambia mnunuzi habari hizi kabla pesa hazijabadilisha mikono. Kipimo kidogo cha unyevu wa hewa ukutani kinasaidia kuliko chupa kumi za mafuta. Unyevu ukikaa kati ya asilimia 40 na 60 bila kurukaruka, samani nyingi zitatulia. Wiki za kwanza kiyoyozi kisipulize moja kwa moja kwenye kabati, na meza isiegemee kifaa cha kupashia joto.

Na ufa uliokwisha kutokea? Hapo ndipo wengi huharibu zaidi, kwa kuujaza unga wa mbao na gundi wakati wa ukavu, ukiwa wazi kabisa. Unyevu ukirudi, ubao unataka kufunga ufa na kukuta umezibwa. Seli zinabondwa kama za mpini wa shoka, na ukavu unaofuata unafungua ufa mpya pembeni ya ule wa kwanza. Kabla ya kuugusa, ufuatilie mwaka mzima. Kama haubadiliki, unaweza kuuziba kwa kipande cha mti wa aina ileile. Kama unafunga na kufunguka, legeza kinachoushika ubao kwanza, na kwa sura tu tia nta laini inayokubali kusukumwa.

Chini ya meza yangu kuna mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande wa ufa, na orodha ya tarehe. Miezi ya unyevu karatasi haipiti kati yake. Miezi ya ukavu sarafu inaingia na kutoka bila kugusa.