Mgeni Apewe Jembe: Namna Linux Inavyokabidhi Vifaa kwa Mashine Pepe bila Kuvunja Programu za Zamani

Seva moja ya Linux inaweza kubeba mashine pepe kadhaa, na kila moja ikajiona ina kompyuta yake peke yake. Katika fani hii mfumo unaomiliki vifaa huitwa mwenyeji, na mashine pepe huitwa mgeni. Kwa kawaida mgeni hagusi kifaa halisi: kadi ya mtandao anayoiona ni ya kuigizwa, na kila pakiti anayotuma hupita kwanza kwa mwenyeji ndipo ifike kwenye kadi ya kweli. Kwa kazi nyingi hilo halina ubaya. Lakini mgeni anayesukuma gigabiti 100 kwa sekunde, au anayehitaji kadi ya michoro kwa hesabu nzito, huchelewa mno katika mzunguko huo, na hapo hufuatwa usemi wa wahenga kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kifaa halisi hukabidhiwa mgeni akitumie mwenyewe.

Kukabidhi huko kuna hatari yake. Kadi ya mtandao haingoji kichakato kiiandikie. Huandika yenyewe moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Anwani ambazo mgeni huipa kadi hiyo ni anwani za kwake, hazilingani na anwani halisi za mwenyeji, kwa hiyo kadi ikiachwa huru itaandika juu ya data ya mgeni mwingine, au juu ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kinachozuia maafa hayo ni IOMMU, sehemu ya maunzi inayotafsiri kila anwani inayotoka kwenye kifaa na kukataa isiyoruhusiwa. Vifaa ambavyo IOMMU haiwezi kuvitenganisha huhesabiwa kuwa kundi moja, na haiwezekani kimoja kikabidhiwe mgeni huku mwenzake akiendelea kutumiwa na mwenyeji.

KVM, sehemu ya kerneli inayoendesha mashine pepe, iliingia Linux mwaka 2007 katika toleo la 2.6.20. Njia yake ya mwanzo ya kukabidhi vifaa ilijengwa ndani ya KVM yenyewe. Mwaka 2012, katika toleo la 3.6, ikaja VFIO, iliyoitoa kazi hiyo nje ya KVM na kuifanya itumike hata na programu zisizohusiana na mashine pepe. Njia ya zamani haikufutwa siku hiyo. Ilikaa sambamba na mpya kwa miaka kadhaa, ikaondolewa mwaka 2017 katika toleo la 4.12.

Subira hiyo inatokana na sheria ambayo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ameisimamia kwa ukali unaojulikana: programu iliyokuwa ikifanya kazi jana haipaswi kuvunjika kwa sababu kerneli imebadilishwa leo. Kwa msimamizi wa seva sheria hii ina maana ya moja kwa moja, kwa sababu kerneli na QEMU, programu inayowahudumia wageni, hazipandishwi toleo kwa pamoja. Kerneli huweza kubadilishwa usiku huu kwa sababu ya tundu la usalama, huku QEMU ikibaki ile ile ya miaka mitatu iliyopita, na asubuhi wageni wote wanatakiwa kuamka salama. Wengi hudhani kwamba sheria hiyo inamaanisha kiolesura, yaani njia ambayo programu huongea na kerneli, kisiguswe. Kwa maoni yangu maana yake ni tofauti: kiolesura kijengwe tangu siku ya kwanza kikiwa na nafasi ya kukua.

Tuitazame VFIO kwa karibu. Programu inapotaka maelezo ya kifaa, huiuliza kerneli kwa wito unaoitwa VFIO_DEVICE_GET_INFO, ikitoa kipande cha kumbukumbu ambacho kerneli itakijaza majibu. Mwanzoni kipande hicho kilikuwa na namba nne za baiti nne kila moja, jumla baiti 16: ukubwa wa kipande, bendera (biti zinazowashwa au kuzimwa kama alama), idadi ya maeneo ya kifaa, na idadi ya aina za ishara zake za kukatiza kichakato. Namba ya kwanza, inayoitwa argsz, huandikwa na programu yenyewe kuitaarifu kerneli kwamba nafasi niliyokuandalia ni kiasi hiki. Mwaka 2020 ilihitajika namba ya tano, ya kuonyesha mahali maelezo ya ziada yanapoanzia, nayo ikawekwa mwishoni. Programu ya mwaka 2012 bado huandika 16, na kerneli mpya huijibu kwa baiti 16 bila kumwaga kitu nje ya chombo. Programu mpya ikiandika 20 mbele ya kerneli ya zamani, hujaziwa zile 16, na bendera ya maelezo ya ziada haiinuliwi, kwa hiyo inajua kwamba namba ya tano haina maana na isiisome. Hakuna kati yao aliyelazimika kumuuliza mwenzake toleo lake.

Bendera ambazo programu huipelekea kerneli, kwa mfano inapoomba kumbukumbu ya mgeni ifunguliwe kwa kifaa, zina ulinzi wa namna nyingine: kerneli ikiona biti isiyoifahamu hukataa ombi zima kwa kosa la EINVAL, yaani ombi batili. Wapo wanaoona huo ni ukali usio na sababu. Lakini kama kerneli ingezipuuza biti hizo, programu zilizoandikwa kwa uzembe zingejaza takataka humo kwa miaka bila kugundulika, na siku biti moja ikipewa maana, zingeanza kuomba mambo zisiyoyakusudia. Kukataa mapema ndiko kunakoiweka nafasi ile wazi kwa matumizi ya baadaye.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja mwaka 2023. Hadi hapo, mlango wa VFIO ulikuwa kundi: programu ilifungua faili kama /dev/vfio/14, ikaliunganisha kundi hilo na chombo cha pamoja kinachoshika tafsiri za anwani, kilichoko /dev/vfio/vfio, ndipo ikaomba kifaa kutoka kwenye kundi. KVM nayo ilipaswa kuarifiwa kuhusu kundi hilo, na kwa kazi hiyo iliongezwa, mwishoni mwa 2013, njia maalumu yenye jina KVM_DEV_VFIO_GROUP. Sababu mojawapo ni amri ya kichakato cha x86 (jamii ya vichakato vya Intel na AMD) inayoitwa WBINVD, ambayo humwaga kache yote, yaani hifadhi ndogo ya haraka ya kichakato, kwenye kumbukumbu. Kwa kawaida mgeni akiitoa, KVM huipuuza, kwani vifaa vya kuigizwa haviihitaji na gharama yake ni kubwa. Lakini mgeni aliyekabidhiwa kifaa halisi kinachoweza kusoma kumbukumbu bila kupitia kache anaihitaji kwelikweli, na KVM haiwezi kulijua hilo mpaka iambiwe.

Kisha ikaja IOMMUFD, kiolesura kipya cha programu kuisimamia IOMMU, katika toleo la 6.2, na baada yake, katika toleo la 6.6, njia ya kufungua kifaa chenyewe moja kwa moja, kwa mfano /dev/vfio/devices/vfio0, bila kupitia faili la kundi. Njia ya kuiarifu KVM ilijua makundi tu, kwa hiyo ilibidi ipanuliwe ipokee vifaa pia. Waandishi wake wangeweza kuongeza namba mpya pembeni ya ile ya zamani. Hawakufanya hivyo. Walibadilisha jina likawa KVM_DEV_VFIO_FILE na kuiacha namba ile ile, 1, kisha wakaifundisha kerneli kutambua kama faili lililoletwa ni la kundi au la kifaa. Programu iliyokwisha kuundwa haijui majina, inajua namba tu, na namba haikuguswa. Msimbo wa zamani ukiundwa upya hukuta jina la KVM_DEV_VFIO_GROUP bado lipo, kama lakabu ya jina jipya.

Mpangilio wa hatua ndio uliohitaji uangalifu zaidi. Baadhi ya dreva, yaani sehemu za kerneli zinazoendesha vifaa, hutaka kuijua KVM kabla kifaa hakijaanza kutumika. Chini ya utaratibu wa makundi hilo lilikuwa rahisi, kwani kundi hutangulia kifaa. Katika njia mpya faili la kifaa ndilo linalofunguliwa kwanza, kwa hiyo ilipangwa kwamba kulifungua tu kusimpe mtu chochote: kifaa hubaki kimefungwa mpaka kiunganishwe na IOMMUFD kwa wito wa VFIO_DEVICE_BIND_IOMMUFD, na KVM hutakiwa kuarifiwa kabla ya wito huo.

Si kila kitu hubebwa milele. Utaratibu wa kwanza wa VFIO wa kumhamisha mgeni pamoja na kifaa chake kutoka seva moja hadi nyingine ulibadilishwa na mwingine mwaka 2022, na ule wa awali ukatupwa, kwa kuwa hapakuwa na dreva hata moja ndani ya kerneli iliyoutumia. Nao uigaji wa chombo cha zamani kupitia IOMMUFD ulianza ukiwa na mapengo, likiwemo la kifaa kimoja kusoma kumbukumbu ya kifaa kingine, ndiyo sababu maelezo ya kerneli yalishauri uwashwe kwa majaribio tu.

Kwenye seva yenye kerneli mpya iliyoundwa ikiwa na uwezo huu, na yenye kifaa kilichokabidhiwa VFIO, ukiorodhesha saraka ya /dev/vfio utakuta vizazi vyote viwili vimekaa pamoja: faili lenye namba ya kundi, faili la vfio, na saraka ya devices. QEMU huchagua njia kwa maelekezo yako. Kuanzia toleo la 9.0, ukiongeza -object iommufd,id=iommufd0 na kuandika iommufd=iommufd0 kwenye mstari wa kifaa, kifaa hupita njia mpya; ukiyaacha maneno hayo, mgeni huwashwa kwa makundi na chombo, kama ilivyokuwa mwaka 2012.