Jolly Rogers si kikosi kimoja

Wapenzi wengi wa ndege za kivita huamini kwamba Jolly Rogers ni kikosi kimoja cha Jeshi la Majini la Marekani kinachoruka tangu 1943. Sivyo. Jina ni moja, vikosi ni vitatu.

Cha kwanza, VF-17 (VF ni alama ya kikosi cha ndege za kivita), kilianzishwa Januari 1943 chini ya kamanda Tommy Blackburn, kikirusha ndege za Corsair. Baadaye kilibadilishwa namba, kikaishia kuwa VF-61, na Aprili 1959 kikavunjwa. VF-84 kilikuwepo tayari tangu 1955, kikiitwa Vagabonds. Kamanda wake, aliyewahi kutumikia VF-61, akaomba jina na nembo ya kikosi hicho kilichovunjwa, akakubaliwa 1960.

VF-84 ndicho wengi wanachokikumbuka: ndege za Tomcat zenye mikia myeusi tii, juu yake fuvu jeupe na mifupa miwili iliyopishana. Nacho kikavunjwa Oktoba 1995. VF-103, waliokuwa Sluggers, wakarithi fuvu (na sifa zake, bila jasho!). Leo ni VFA-103 (A ni ya mashambulizi), wanarusha ndege za Super Hornet.

Kwa taratibu za jeshi hilo, kikosi kikivunjwa historia yake rasmi hufungwa. Nembo hurithiwa, ushindi wa marubani wa Blackburn haurithiwi.