Dalili za kifafa cha mimba hazisubiri tarehe ya kliniki

Priklampsia ni nini?
Ni presha inayopanda baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, 140/90 au zaidi, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili kwamba figo, ini, damu au ubongo umeanza kuathirika. Mama akipata degedege, hicho ndicho kifafa cha mimba.

Nani yuko hatarini zaidi?
Mwenye mimba ya kwanza, mwenye mapacha, aliyewahi kuipata, mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au presha ya siku nyingi. Mwambie mkunga hudhurio la kwanza kabisa, maana wengine huanzishiwa aspirini ya dozi ndogo kuanzia wiki ya 12. Usijinunulie mwenyewe dukani.

Nimeshaambiwa ninayo. Mtajuaje kama itanidhuru?
Hatutazami presha peke yake. Kipo kipimo cha kukadiria hatari, miniPIERS, kilichochapishwa mwaka 2014 kwa ajili ya vituo visivyo na maabara kubwa. Kinauliza kama umewahi kuzaa, mimba ina wiki ngapi, kichwa kinauma au macho yana ukungu, kifua kinauma au pumzi inabana, unatokwa damu ukeni huku tumbo linauma, namba ya juu ya presha ni ngapi, na protini kwenye mkojo ni kiasi gani. Majibu hayo hukadiria uwezekano wa madhara makubwa ndani ya saa 48. Sasa angalia: dalili tatu kati ya hayo hazitoki kwenye mashine, zinatoka mdomoni mwako. Ukinyamaza, tunakadiria gizani.

Kichwa kinaniuma sana, lakini kliniki yangu ni wiki ijayo. Nisubiri?
Hapana. Nenda leo, hata kama ni saa nane za usiku. Tarehe ya kwenye kadi ni ya mama asiye na dalili. Kichwa kikali, kuona maluweluwe, maumivu ya chembe ya moyo au pumzi kubana: usisubiri kupambazuke.

Nikimeza parasitamo kikatulia?
Bado nenda. Parasitamo hutuliza maumivu, haishushi presha. Tunaletewa mama amebanwa katikati ya ndugu wawili kwenye bodaboda, ulimi umeng'atwa, kanga ina damu. Ukifungua kadi yake unakuta presha ya 150/100 na maandishi "arudi baada ya siku 3". Hakurudi. Ndugu wanasema kichwa kilianza juzi, akameza vidonge viwili akalala. Tafadhali, tuache hili.

Mama mkwe anasema kuvimba ni kawaida.
Miguu kuvimba jioni huwapata wajawazito wengi. Uso na mikono vikivimba ghafla, pete haitoki, kapimwe presha na mkojo. Na wapo wanaopata degedege bila kuvimba popote, kwa hiyo miguu mizuri isikutulize.

Akianza degedege, si mapepo?
Si mapepo. Mlazeni ubavu wa kushoto, msimtie kijiko mdomoni, msimnyweshe chochote, mpelekeni hospitali. Dua someni mkiwa njiani. Hospitali atachomwa salfeti ya magineziamu. Utafiti wa Magpie wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba, kwa wenye priklampsia, dawa hii hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Kila saa mnayokaa kwa mganga ni saa ambayo hajapata sindano hiyo.

Nikishajifungua nimepona?
Bado. Presha mara nyingi hupanda tena siku ya 3 hadi ya 6, wakati umesharudi nyumbani unakandwa maji ya moto na kila mtu anamtazama mtoto. Usiache vidonge kwa sababu unajisikia nafuu. Kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu ndani ya wiki 6, rudi siku hiyohiyo, na mlangoni useme kabla hujaulizwa: "Nimejifungua juzi, nilikuwa na presha."